Asali ikae kabatini kwanza: namna ya kuwafundisha wauguzi kutibu kidonda cha mguu wa kisukari

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka ya karibuni kazi yangu kubwa imekuwa mafunzo kazini kwa wauguzi wa zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya mkoani Tabora. Huku kwetu asali haitafutwi. Iko sokoni kwenye madumu, iko kwenye chupa za maji kando ya barabara ya Sikonge, iko chini ya kitanda cha bibi kwenye galoni lililozibwa kwa gunzi. Basi ukiwaita wauguzi kwenye mafunzo ya kutibu vidonda vya kisukari kwa vitu vya asili, wanafika na jibu lao tayari. Wengine wanafika na asali yenyewe, tena ya nyuki wadogo, ile ya bei.

Ipokee, shukuru, ifungie kabatini. Huo ndio ushauri wangu wa kwanza kwa mwalimu mwenzangu aliyepewa kazi hii. Mguu wa kisukari haukatwi kwa sababu mgonjwa alikosa kitu cha kupaka. Unakatwa kwa sababu ya ganzi, damu isiyofika, usaha uliojificha chini ya ngozi, na mwenye mguu kuendelea kuukanyagia. Muuguzi asiyeweza kuyaona hayo manne, ukimpa asali umempa kifuniko tu.

Kabla ya kuita watu

Anza kwa mganga mfawidhi. Akikubali, akubali kwa maandishi: nani ataruhusiwa kutumia asali, kwa vidonda gani, na nani ataitwa mambo yakiharibika. Bila karatasi hiyo, siku kidonda kitakapooza muuguzi wako atasimama peke yake.

Usiwaite wauguzi peke yao. Mradi wa Step by Step, wa mafunzo ya kutunza mguu wa kisukari, ambao Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam ni mmoja wa watu walioupa nguvu hapa nchini, uliwafundisha watu kwa jozi: daktari na muuguzi wa kituo kimoja. Nimeuiga utaratibu huo na sitauacha. Muuguzi akirudi kituoni peke yake na maarifa mapya, tabibu wake atamwambia afunge gozi kavu kama zamani, na hapo mafunzo yamekwisha.

Ukumbi wa hoteli haufai. Fanyia kwenye chumba cha kufungia vidonda, siku ya kliniki ya kisukari, wagonjwa wakiwepo na wakiwa wameombwa ridhaa. Watu wanane wanatosha kabisa. Wakizidi, wa nyuma wataona migongo ya wenzao na hawataona mguu. Vifaa vyenyewe ni vya kawaida: glovu, gozi, bandeji, bleti za upasuaji na vishikio vyake, fosepu, salaini, kijiti cha chuma kilichochemshwa, rula, karatasi ya nailoni inayoonyesha, kipimo cha sukari, na kikapu cha machungwa. Machungwa nitayaeleza.

Kama mkoani kwenu yupo muuguzi wa zamani aliyehudumia wagonjwa wa ukoma, mlete, hata kama amestaafu. Hao wanaujua mguu wenye ganzi kuliko sisi wote. Dkt. Paul Brand, aliyefanya kazi na wagonjwa wa ukoma Vellore, India, tangu 1946, alionyesha kwamba vidole haviozi vyenyewe: mtu asiyesikia maumivu huendelea kuutumia mguu uliojeruhiwa mpaka unaharibika. Mguu wa kisukari unaharibika kwa njia hiyohiyo. Mzee wetu mmoja wa ukoma akishika mguu wa mgonjwa na kuubinya taratibu kwa vidole gumba, wanafunzi wanajifunza zaidi ya saa nzima ya mimi kuzungumza.

Waambie ukweli wa asali mapema

Asali ni dawa ya kale ya vidonda. Imo kwenye mafunjo ya Edwin Smith ya Misri, yenye umri wa miaka zaidi ya 3,500. Inafanya kazi kwa njia zinazoeleweka. Sukari yake nyingi huvuta maji kutoka kwa vijidudu na kutoka kwenye kidonda. Ina ukali wa asidi ambao bakteria wengi hawaupendi. Ikichanganyika na majimaji ya kidonda, kimeng'enya walichokitia nyuki huzalisha haidrojeni peroksaidi kidogokidogo, kwa kiwango kisichounguza nyama changa kama ile ya chupa.

Hayo wauguzi huyasikia kwa furaha. Sehemu ya pili huisikia kwa kununa, lakini lazima isemwe na wewe mwenyewe, wasije wakaisikia kwa mtu mwingine wakaona uliwaficha. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, yaliona asali inasaidia kwenye baadhi ya majeraha ya moto na kwenye vidonda vya upasuaji vilivyoingiwa na vijidudu, ila kwa vidonda vya mguu wa kisukari ushahidi haukutosha kusema ndiyo wala hapana. Na mwongozo wa kimataifa wa mguu wa kisukari, toleo la 2023, unashauri asali isitumike kwa lengo la kuharakisha kupona.

Sasa kwa nini niifundishe? Kwa sababu wagonjwa wanajipaka tayari, na wauguzi wanawapaka tayari, kwa siri, asali ya dumu, kwenye tundu lenye mfupa ndani. Na kwa sababu kituo kilichoishiwa kila kitu hubaki na gozi kavu inayogandia kidonda na kung'oa nyama changa kila asubuhi. Asali inazuia huko kugandia, inapunguza harufu, na kidonda kinakaa na unyevu. Kwangu hiyo ndiyo kazi yake. Mwenye dawa na vifungio vya kisasa ghalani avitumie, asione haya.

Soksi zote mbili

Hapa ndipo utumie muda mwingi kuliko pengine popote.

Mgonjwa akija na kidole kibovu, huvua kiatu kimoja. Muuguzi naye hutazama kidole kimoja. Wafundishe kuomba miguu yote miwili, na kuomba kwa adabu, maana mtu mzima kumshikisha kijana miguu yake si jambo jepesi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, naomba nikuone na huu mwingine."

"Huu ni mzima, mwanangu, usijisumbue."

"Najua mzee. Nauona huu mzima ili niujue mgonjwa."

Wengi hukubali. Na huo "mzima" mara nyingi ndio wenye habari: sugu nene chini ya kidole gumba, ufa kwenye kisigino, ukungu katikati ya vidole. Kiatu nacho kipinduliwe na kupapaswa ndani kwa mkono. Kandambili za tairi hutoa msumari kwa ndani, na mwenyewe anaukanyagia wiki nzima bila habari.

Ganzi ipimwe kwa kidole, kwa sababu monofilamenti, ule uzi wa nailoni wa kupimia ganzi, vituo vingi havina. Kipimo chenyewe kilitoka hospitali ya Ipswich, Uingereza, na uzuri wake hakina gharama. Mgonjwa anafumba macho. Muuguzi anagusa ncha ya kidole cha mguu kwa ncha ya kidole chake cha shahada, kwa wepesi kabisa, sekunde moja au mbili, na mgonjwa anasema "kulia" au "kushoto" akihisi. Zinaguswa ncha sita tu: kidole gumba, kidole cha kati na kidole cha mwisho, kila mguu. Akikosa mbili au zaidi, mguu una ganzi. Kosa wanalolifanya karibu wote ni kubonyeza, au kurudia pale mgonjwa asipojibu, kama vile wanamwonea huruma. Asipojibu mara moja, andika hakuhisi, songa mbele. Wafanyiane wao kwa wao kwanza mpaka mkono uwe mwepesi.

Damu ipimwe sehemu mbili: juu ya wayo, pembeni ya mshipa wa nyama unaoinua kidole gumba, na nyuma ya kifundo cha ndani. Kila mwanafunzi aisikie mapigo kwenye mguu wake mwenyewe, kisha wa jirani, ndipo wa mgonjwa. Mguu wa baridi, usio na mapigo, ngozi inang'aa na vinyweleo vimepukutika, hakuna muuguzi wa kuugusa kwa bleti. Huo ni wa rufaa. Kidole kilichokauka kikawa cheusi kama mkaa, bila majimaji, kiachwe kikavu. Ukikilowesha kwa asali au chochote unaalika vijidudu.

Kisha uambukizo. Uvimbe, wekundu, joto, maumivu, usaha: ukiona viwili kati ya hivyo, kidonda kimeingiliwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo watumie mgongo wa mkono kulinganisha joto la miguu miwili. Wekundu ukisambaa zaidi ya sentimita 2 kutoka ukingo wa kidonda, au ukibonyeza unasikia mchakacho wa hewa chini ya ngozi, au mgonjwa ana homa na moyo unakimbia, hakuna mjadala wa asali wala salaini. Ni antibiotiki, ni gari, ni leo. Na kidonda chenye tundu kiguswe taratibu kwa kijiti cha chuma kilichochemshwa. Kikigonga kitu kigumu, ni mfupa, na huenda mfupa umeshaingiliwa.

Kuna mguu mmoja unaowapotosha hata madaktari: umevimba, una joto, mwekundu, lakini hauna kidonda na mwenyewe hasemi unauma sana. Huitwa mguu wa Charcot. Mifupa inavunjika na kuteguka ndani kwa sababu ya ganzi. Mwambie asiukanyage, mpe rufaa.

Waulize wagonjwa kidonda kilianzaje, na wanafunzi waandike maneno yao. Utasikia ekzosi ya pikipiki. Utasikia beseni la maji ya moto na chumvi, maana mtu akihisi miguu imekufa ganzi ndugu zake humkanda. Utasikia panya. Tunasema panya huuma huku akipuliza. Kwa mwenye ganzi hana hata haja ya kupuliza. Watafiti wa Dar es Salaam waliwahi kuandika kuhusu wagonjwa wa kisukari wanaotafunwa vidole na panya usingizini, na sisi tunawaona huku pia. Kwa hiyo swali la "unalala wapi, una chandarua kinachochomekwa vizuri?" liwe sehemu ya historia ya kidonda. Chandarua kimesukwa kwa ajili ya mbu, lakini kikichomekwa vizuri chini ya godoro kinampa panya kazi.

Waulize pia kilichopakwa kabla ya kuja, na uulize bila kukunja uso. Unga wa vidonge vya rangi mbili, unga wa betri, majani yaliyotafunwa, oili chafu ya gari. Ukikunja uso mara moja tu, mgonjwa wa pili atakuambia "sijapaka kitu".

Bleti na machungwa

Sugu na nyama iliyokufa lazima viondoke. Sugu inayozunguka kidonda inakibana na kuongeza mgandamizo, na nyama iliyooza ni chakula cha vijidudu. Wauguzi wengi wanaogopa bleti, na woga huo una haki yake. Wape machungwa. Kazi ni kunyoa ganda la njano tabaka kwa tabaka mpaka weupe uonekane kote, bila tone la maji kutoka. Bleti ilale, isisimame. Anayetoboa anaanza chungwa jingine, na lile lililotobolewa analila. Darasa linachangamka hapo.

Baada ya machungwa wanasimama nyuma yako ukifanya kwa mgonjwa, kisha wanafanya wewe ukiwa umesimama nyuma yao. Mipaka iwe wazi: muuguzi ananyoa sugu, na anaondoa nyama iliyokufa inayolegea yenyewe. Akiona kano, mfupa, au damu inayotoka kwa mapigo, anaacha, anabana kwa gozi na kuita. Usaha uliofungiwa ndani ni kazi ya tabibu au daktari, naye ndiye uliyemleta kwa jozi.

Kabla ya kunyoa mwambie mgonjwa kwamba kidonda kitaonekana kikubwa kuliko alivyokuja nacho. Usipomwambia, atakwenda nyumbani kusema hospitali wamemchimba, na hatarudi.

Kuosha: salaini, au maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Salaini ikiisha, gramu 9 za chumvi kwenye lita 1 ya maji yaliyochemshwa, itumike siku hiyohiyo. Haidrojeni peroksaidi ya chupa na yusoli (dawa ya klorini ya kuoshea vidonda), ambazo sisi wa zamani tulizimwaga kila siku mpaka povu lifurike, huunguza nyama changa. Povu linapendeza macho tu.

Kisha pima. Weka karatasi ya nailoni juu ya kidonda, chora ukingo kwa kalamu, andika tarehe, urefu na upana. Nusu ya eneo isipopungua ndani ya wiki 4, kuna jambo umelikosa: damu, mfupa, sukari, au anakanyagia. Rudi mwanzo wa uchunguzi. Usibadilishe dawa ya kupaka.

Sasa fungua kabati

Asali iliyo bora kwa kidonda ni ile ya tiba, iliyopitishwa kwenye mionzi ya gama. Mionzi huua mbegu za bakteria waitwao Clostridium, ambazo zinaweza kujificha kwenye asali yoyote, na haiharibu kile kimeng'enya. Kuichemsha asali jikoni hakuui mbegu hizo na kunaua kimeng'enya, kwa hiyo mwenye kuchemsha amepata hasara mara mbili. Kama hospitali yako inaweza kununua ya tiba, somo la kuchagua asali liruke.

Kama haiwezi, na mganga mfawidhi ameridhia, nunua kwa chama cha wafugaji nyuki kinachojulikana, si kwa dumu la sokoni. Tabora tuna bahati ya Chuo cha Ufugaji Nyuki. Watu wake wanajua kupima maji kwa refraktometa, na asali nzuri ina maji yasiyozidi asilimia 20. Yale majaribio ya kuwasha kiberiti kilichochovywa na kudondosha asali kwenye glasi ya maji hayathibitishi chochote, hata kama mjomba wako anayaamini. Iwe imechujwa, haijapashwa moto, imefungwa kwenye vichupa vidogo ili kichupa kimoja kiishe kwa mgonjwa mmoja. Chupa kubwa inayochovywa kijiko mgonjwa baada ya mgonjwa ni njia ya kugawana vijidudu.

Na ile ya nyuki wadogo? Hapa utakuwa na ugomvi mzuri darasani, kwa sababu kila mtu huku amelelewa kujua kwamba hiyo ndiyo dawa. Ni kali zaidi kwa asidi, sawa. Lakini ina maji mengi kuliko ya nyuki wakubwa na huchacha upesi, na ikichacha chupa hufura. Mimi siitumii kwenye kidonda. Wanaoileta nawarudishia wakanywe na limao.

Upakaji wenyewe hauchukui muda. Uliza kwanza kama mgonjwa hudhurika akiumwa na nyuki, na kama amepata chanjo ya pepopunda. Paka vaselini kwenye ngozi nzima inayozunguka, isije ikalainika na kuchubuka. Asali mimina kwenye gozi, si kwenye kidonda: kwa gozi ya sentimita 10 kwa 10, kama mililita 20, yaani vijiko vinne vya chai, kipimo alichokipendekeza Peter Molan wa Chuo Kikuu cha Waikato huko New Zealand. Gozi ilowe na ivuke ukingo wa kidonda. Juu yake gozi kavu nene, kisha bandeji isiyobana. Mwanzoni kidonda hutoa maji mengi, badilisha kila siku. Maji yakipungua, kila baada ya siku 2 au 3. Ukifungua ukakuta asali imeoshwa yote, unachelewa kubadilisha.

Asali haiingii kwenye tundu refu usiloona mwisho wake, kwenye kiungo, kwenye mfupa ulio wazi, wala kwenye mguu usio na mapigo. Hilo liandikwe ukutani.

Litakuja swali, na lisipokuja uliulize wewe: "Sista, mgonjwa wa sukari tunampaka asali?" Kinachoingia kwenye damu kupitia kidonda cha kawaida ni kidogo, sukari ya mgonjwa inapandishwa na chakula na dawa zilizorukwa. Hata hivyo pima sukari kila anapokuja, maana kidonda hakiponi vizuri sukari ikiwa juu, uwe umepaka asali au dhahabu. Hatari halisi niliyoiona ni kichupa kinachobaki kupelekwa nyumbani, kikaishia kwenye chai au uji wa asubuhi. Kichupa kibaki kituoni.

Jambo jingine ambalo halimo kwenye vitabu vya kutoka nje ni sisimizi. Mgonjwa anayelala na bandeji ya asali huku kwetu ataamka ametembelewa. Bandeji ya nje iwe kavu na safi, ibadilishwe ikilowa, na miguu ya kitanda iwekwe kwenye makopo yenye maji na mafuta ya taa kidogo, vile tunavyolinda kabati la chakula. Mwambie na mke wake, au mkwe, au yeyote anayetandika kitanda.

Sukari, papai na vingine

Sukari ya mezani hufanya kazi kwa njia ya kuvuta maji. Moses Murandu, muuguzi aliyekulia Zimbabwe akawa mhadhiri Wolverhampton, Uingereza, ameifanyia utafiti kwa sababu aliiona ikitumika kwao utotoni. Ni sukrosi, na mwili huivunja tumboni ndipo uitumie, kwa hiyo juu ya kidonda haipandishi sukari ya damu kwa namna watu wanavyohofia. Inayeyuka upesi, inataka kubadilishwa mara nyingi, na kwenye kidonda kinachovuja damu haitiwi. Naifundisha kama akiba.

Papai limetumika hospitalini Banjul, Gambia, kwa watoto walioungua moto, kulainisha ngozi iliyokufa. Kwa mguu wa kisukari silifundishi. Utomvu wake unakula nyama bila kuchagua vizuri, na mwenye ganzi hatakwambia unapomla. Marekani mwaka 2008 iliamuru dawa za kupaka zenye kimeng'enya cha papai, ambazo hazikuwa na idhini, ziondolewe sokoni kwa madhara yaliyoripotiwa. Aloe, mwarobaini, manjano: sina ninachoweza kumwambia muuguzi afanye navyo kwenye donda ndugu, basi navipita.

Mguu usikanyagwe

Muuguzi anaweza kufanya yote niliyoandika, mgonjwa akatoka nje, akatembea kilomita nane kwenda kwenye shamba lake la tumbaku, na yote yakawa bure. Kidonda cha chini ya wayo kinapona kwa kupumzishwa. Piopi, yaani plasta ngumu, inayoukumbatia mguu wote ndiyo njia bora zaidi, lakini inahitaji mkono uliofundishwa, na kwenye mguu wenye uambukizo mkali au damu hafifu haifungwi. Kwa wengine tumia magongo, au kandambili yenye soli nene ambayo fundi viatu anaichonga shimo mahali pa kidonda, kingo zikilainishwa. Mlete fundi viatu darasani kwa nusu siku na umlipe. Hakuna somo langu linaloleta mazungumzo mengi kama hilo.

Mazungumzo na mgonjwa yawe ya maisha yake. "Pumzika" haina maana kwa mama anayechota maji. Muulize: "Mama, nani mwingine nyumbani anaweza kuchota wiki hizi?" Kama jibu ni "hakuna", mpigie simu mwenyekiti wa kitongoji mbele yake, au mtoto wake aliyeko mjini. Nimeona simu kama hiyo ikifanya kazi kuliko kichupa chochote.

Wakisharudi vituoni

Waachie daftari lenye safu saba: tarehe, sukari, ganzi, mapigo, dalili za uambukizo, urefu na upana, na kilichofungwa. Safu ya "kilichofungwa" iwe ya mwisho, na anayejaza ya mwisho bila zile za mwanzo umpigie simu. Tembelea kituo mwezi wa kwanza ukiweza. Baada ya hapo watu hurudia gozi kavu polepole bila hata kujua.

Kundi la WhatsApp linasaidia sana kwa masharti: ridhaa ya mgonjwa, hakuna uso, hakuna jina, hakuna namba ya jalada. Picha ipigwe kwenye mwanga wa dirisha, kidonda kikiwa kimeoshwa tayari, rula ikiwa pembeni. Isiyo na rula naifuta na kuomba nyingine.